Muhuri wa mhandisi ulizaliwa kwenye mfereji wa mkulima

MWANZONI mwa mwaka 1907 katika jimbo la Wyoming, magharibi mwa Marekani, kujiita mhandisi hakukuhitaji cheti wala mtihani. Mwenye kalamu ya wino, rula na karatasi aliweza kukaa mezani, akamchorea mkulima ramani ya mfereji, akaweka sahihi chini yake na kudai ujira wake. Mkulima aliichukua ramani hiyo hadi ofisi ya serikali kuombea maji, akiamini kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Wyoming ni nchi kavu. Mvua ni chache, baridi ni ndefu, na sehemu kubwa ya maji ya kumwagilia majani ya ng'ombe na nafaka hutoka kwenye theluji inayoyeyuka milimani. Katiba ya jimbo hilo, lililojiunga na Marekani mwaka 1890, inatamka kwamba maji ya mito, chemchemi na maziwa ni mali ya jimbo. Mkulima hamiliki maji. Anachopewa ni haki ya kuyatumia, tena kwa kipimo na kwa tarehe. Mfumo huo ulisukwa na Elwood Mead, Mhandisi wa kwanza wa Jimbo, ambaye aliweka utaratibu kwamba anayetaka kuchimba mfereji aombe kibali kwanza na aambatanishe ramani.

Kanuni kuu ni kwamba aliyetangulia ndiye mwenye haki. Aliyeomba mwezi Machi anamtangulia aliyeomba Aprili, na mto ukipungua wakati wa kiangazi, aliyekuja mwisho ndiye anayefunga lango la mfereji wake kwanza. Wanaoujua ugomvi wa zamu za maji katika mifongo ya Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kipimo chenyewe ni futi moja ya ujazo kwa sekunde kwa kila ekari 70. Ukiigeuza hesabu hiyo unapata takribani lita 28 kwa sekunde kwa hekta 28, yaani lita moja kwa sekunde kwa hekta moja. Maofisa ugani waliofanya kazi kwenye skimu za umwagiliaji watakitambua kiwango hicho mara moja.

Sasa, katika mpango huo ramani ndiyo iliyobeba kila kitu. Ndiyo ilionyesha banio liko wapi, mfereji unapita katika shamba la nani, mteremko ni kiasi gani na ekari zitakazomwagiliwa ni ngapi. Ukikosea mteremko, maji hayafiki. Ukikosea mpaka, unajikuta umeombea maji shamba la jirani. Na kosa likigundulika miaka mitatu baadaye, ukalazimika kuomba upya, unaweza kuipoteza tarehe yako, na wote waliokuja katikati wakawa wamekupita.

Clarence T. Johnston, aliyekuwa Mhandisi wa Jimbo wakati huo, alichoshwa na ramani zilizokuwa zikiletwa ofisini kwake. Aligundua kwamba mawakili, wathibitishaji wa nyaraka na watu wengine wasio na ujuzi walikuwa wakichora ramani hizo na kutia sahihi kama wahandisi na wapima ardhi. Mwaka huo huo wa 1907 Baraza la Kutunga Sheria la Wyoming lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya kuwatahini watu wa aina hiyo. Ilikuwa sheria ya kwanza ya leseni za uhandisi katika Marekani nzima.

Agosti 8, 1907 cheti namba moja kilitolewa kwa Charles Bellamy, mpima wa maeneo ya madini. Mkewe, Mary Bellamy, alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Wyoming mwaka 1910, na lipo ziwa milimani, Lake Marie, lililopewa jina lake. Lakini hayo ni ya pembeni. La muhimu kwa mkulima ni kwamba muhuri wa mhandisi, ambao leo unahusishwa na maghorofa na madaraja ya mjini, ulianza kwa sababu ya mifereji ya mashambani na tarehe za vibali vya maji.

Asichoweza kukiona mnunuzi

Kwa nini soko lisiachwe lijirekebishe? Mchoraji mbaya si atakosa wateja?

Jibu analo kila aliyewahi kuuziwa mbegu feki. Mbegu ya mahindi iliyo mbovu inafanana na iliyo nzuri kwenye pakiti, na inafanana nayo hata ikiwa mkononi. Utajua ukweli baada ya wiki mbili, wakati mvua imeshapita na fedha ya mbolea imeshazikwa. Mchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 juu ya soko la magari yaliyotumika nchini Marekani, akaonyesha kwamba pale muuzaji anapojua ubora na mnunuzi hajui, bei hushuka, wenye bidhaa nzuri hujiondoa, na sokoni hubaki takataka. Kwa kazi hiyo na nyinginezo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Mchoro wa mfereji, bwawa au ghala ni bidhaa ya namna hiyo, tena mbaya zaidi kuliko mbegu. Mbegu inakusuta msimu huo huo. Tuta la bwawa linaweza kukaa kimya miaka kumi, likasubiri mwaka wa mvua kubwa. Wakati huo aliyechora ameshahama, ameshafariki au hakumbuki. Na watakaoumia pengine si wewe uliyelipia, bali walio bondeni ambao hawakuulizwa.

Ndiyo maana muhuri wa mhandisi hautofautiani sana na lebo ya mbegu iliyothibitishwa au alama ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani. Unamwambia asiyeweza kukagua kwamba yupo mtu anayejulikana jina na namba aliyekagua, na kwamba mambo yakiharibika atatafutwa yeye.

Sheria zilifuata maafa

Louisiana iliifuata Wyoming mwaka 1908, kisha majimbo mengine moja baada ya jingine. Mengi hayakuamka hadi watu walipokufa.

Usiku wa Machi 12, 1928, dakika chache kabla ya saa sita, bwawa la Mtakatifu Francis, kaskazini mwa Los Angeles, lilipasuka. Maji yalishuka kwenye bonde la mto Santa Clara, yakapita katikati ya mashamba ya michungwa na kambi za vibarua hadi baharini, umbali wa zaidi ya kilomita 80. Waliokufa walizidi 400. Msimamizi wa ujenzi alikuwa William Mulholland, mtu mashuhuri aliyeujengea mji wa Los Angeles mfereji mrefu wa maji, na ambaye ujuzi wake wa uhandisi aliupata kazini na kwa kujisomea. Saa kama kumi na mbili kabla ya maafa alikuwa amelikagua bwawa hilo, kwa sababu mtunzaji wake alitoa taarifa ya maji yanayovuja, akasema ni salama.

Mwaka uliofuata, 1929, California ilitunga sheria ya kuwasajili wahandisi wa ujenzi na nyingine ya kuyaweka mabwawa chini ya ukaguzi wa jimbo. Haikuwa hoja kwamba Mulholland alikuwa mjinga. Alikuwa na uzoefu kuliko wengi. Hoja ilikuwa kwamba hakuna mtu wa nje aliyekuwa na mamlaka ya kumkagua.

Texas nayo ilijifunza Machi 18, 1937. Shule moja katika mji wa New London, eneo lenye visima vingi vya mafuta, ililipuka kwa gesi iliyokuwa imevuja na kujikusanya chini ya sakafu. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao watoto. Miezi michache kabla, uongozi wa shule ulikuwa umesitisha mkataba na kampuni ya gesi na kujiunganishia bomba la gesi iliyokuwa ikitupwa na wachimba mafuta, ili kupunguza gharama za kupasha joto madarasa. Gesi hiyo haikuwa na harufu, kwa hiyo hakuna aliyeisikia.

Mwaka huo huo Texas ilipitisha sheria mbili. Moja ilitaka gesi itiwe harufu, na harufu hiyo ndiyo inayomfanya mama lishe wa leo kushtuka mtungi unapovuja. Nyingine iliweka usajili wa wahandisi. Kufikia mwaka 1950 majimbo yote, pamoja na Alaska na Hawaii ambayo wakati huo hayakuwa bado majimbo kamili, yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Muhuri unavyofanya kazi

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake, sheria yake na muhuri wake. Mhandisi wa Nebraska anayepewa kazi ng'ambo ya mpaka, Kansas, hawezi kugonga muhuri wa Nebraska kwenye mchoro huo hata kama shamba liko umbali wa kilomita mbili kutoka nyumbani kwake. Lazima apate leseni ya Kansas. Mitihani inafanana katika majimbo yote, kwa hiyo leseni ya pili hupatikana kwa njia fupi, lakini ada inalipwa na namba ni nyingine.

Njia ya kawaida ya kupata leseni ni shahada ya uhandisi ya miaka minne, mtihani wa misingi, miaka minne ya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni, kisha mtihani wa pili. Baada ya hapo mhandisi anaruhusiwa kuwa na muhuri. Mara nyingi ni duara lenye jina la jimbo, jina lake, namba ya leseni na maneno yanayomtaja kuwa mhandisi mtaalamu. Texas wameweka nyota katikati, kama ilivyo kwenye bendera yao.

Zamani muhuri ulikuwa chuma cha kukandamiza kinachoacha alama ya mwinuko kwenye karatasi. Ulikuwa mzuri kwa macho na mgumu kughushi, lakini ulikuwa na kasoro moja: ukitoa nakala ya mchoro, alama haionekani. Fundi aliyeko eneo la kazi anapewa nakala, hapewi karatasi ya kwanza. Kwa hiyo majimbo mengi yaliruhusu au kutaka muhuri wa mpira wenye wino, na leo yanakubali pia muhuri na sahihi ya kielektroniki iliyofungwa kwa namna ambayo mtu akiugusa mchoro baadaye, sahihi inabatilika.

Muhuri peke yake hautoshi. Kwa kawaida lazima kuwe na sahihi ya mkono na tarehe. Tarehe ina kazi yake: leseni huisha muda, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili, na huhuishwa kwa ada. Katika majimbo mengi inahitajika pia kuthibitisha kuwa mwenye leseni ameendelea kujifunza. Muhuri uliogongwa wakati leseni imeshakufa hauna nguvu, na mgongaji anaweza kuadhibiwa. Mchoro ambao haujakamilika unatakiwa uandikwe waziwazi kuwa ni wa awali na usitumike kujengea.

Lakini moyo wa kanuni hizi uko kwenye swali moja: ni nani anayeruhusiwa kugonga? Jibu la majimbo yote linakaribiana. Anagonga yule tu aliyeifanya kazi mwenyewe, au aliyeisimamia tangu mwanzo akiwa na uwezo wa kubadilisha uamuzi wowote ndani yake. Mhandisi haruhusiwi kuchukua mchoro uliochorwa na mtu mwingine asiye na leseni, akautazama kwa robo saa, akagonga na kupokea fedha. Hilo ni kosa la kunyang'anywa leseni, hata kama mchoro wenyewe hauna dosari. Vivyo hivyo haruhusiwi kumwachia karani muhuri, au kugonga karatasi tupu zikasubiri michoro.

Ni rahisi kuelewa kwa nini kosa hilo ndilo linaloogopwa kuliko yote. Mtu asiye na leseni akichora bila muhuri, mteja anaweza kushtuka. Mwenye leseni akiuuza muhuri wake, mteja analala usingizi mzito.

Nati moja mahali pa mbili

Kisa kinachosimuliwa zaidi kwa wanafunzi wa uhandisi wa Marekani kilitokea katika jimbo la Missouri. Hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City ilifunguliwa mwaka 1980. Ndani ya ukumbi wake mkubwa kulikuwa na njia za juu za kutembelea watu, zilizoning'inizwa kutoka kwenye dari kwa vyuma virefu. Njia ya ghorofa ya nne ilikuwa juu, na ya ghorofa ya pili ikiwa chini yake moja kwa moja.

Katika mchoro wa awali, chuma kimoja kirefu kilishuka kutoka darini, kikapita kwenye boriti ya njia ya juu na kuendelea hadi ya chini. Kila njia ilikaa juu ya nati yake. Karakana ya chuma iliona ugumu wa kukata hesi ndefu kwenye chuma chote hicho, ikapendekeza vyuma viwili: kimoja kutoka darini hadi njia ya juu, kingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Kwa macho ilikuwa kitu kile kile.

Haikuwa kitu kile kile. Fikiria vijana wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja ya kisima, kila mmoja akiishika kwa mikono yake. Sasa mwambie wa chini aiache kamba, ashike miguu ya wa juu. Kamba imebeba uzito ule ule, lakini mikono ya kijana wa juu sasa imebeba watu wawili. Nati ya njia ya juu ilikuwa katika hali hiyo. Ilibeba mzigo mara mbili ya uliokusudiwa.

Jioni ya Julai 17, 1981 ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokuja kucheza dansi, na wengine walisimama juu ya njia hizo wakitazama. Maungio yaliachia, njia ya juu ikaiangukia ya chini, zote zikawaangukia watu. Waliokufa ni 114, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walibaini baadaye kwamba hata mchoro wa kwanza ulikuwa na karibu asilimia 60 tu ya nguvu zilizotakiwa na kanuni za mji huo. Mabadiliko ya karakana yaliipunguza nguvu hiyo ndogo kwa nusu.

Michoro ya karakana ilikuwa imepita kwenye kampuni ya uhandisi na kugongwa muhuri kwamba imepitiwa. Bodi ya Missouri iliwafikisha mbele ya tume mhandisi mkuu aliyekuwa na muhuri, Jack Gillum, na mhandisi wa mradi, Daniel Duncan. Utetezi wao ulikuwa kwamba kwa desturi ya kazi, hesabu za maungio huachiwa karakana. Tume haikukubali. Wote wawili walinyang'anywa leseni za Missouri, na mahakama ya rufaa ya jimbo iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 1988. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa mhandisi wa Marekani kusema aligonga tu, hakusoma.

Ghala la mkulima

Je, mkulima wa Marekani anahitaji muhuri kwa kila kibanda cha kuku? Hapana, na hapa kanuni za majimbo zinatofautiana sana. Oregon, kwa mfano, imeyaondoa majengo ya kilimo katika kanuni za ujenzi za jimbo, kama vile ghala la zana, banda la mifugo au stoo ya mazao ya mkulima mwenyewe. Majimbo mengine yana msamaha unaofanana na huo kwa viwango tofauti. Mantiki ni kwamba jengo linalotumiwa na mwenye shamba na familia yake linamhatarisha zaidi yeye mwenyewe, na gharama ya mhandisi ingemzidi nguvu.

Msamaha huo kwa kawaida una mpaka. Mara ghala linapoanza kupokea umma, pengine kwa kuuzia mazao au kufanyia harusi, jambo ambalo wenye mashamba wa huko wamelipenda miaka ya karibuni, sura inabadilika. Mwenye ghala ambaye babu yake alilijenga bila kumwuliza mtu anaambiwa alete michoro yenye muhuri. Wengi hulalamika. Hata hivyo ni vigumu kuona namna nyingine: ng'ombe hawachezi dansi.

Yapo malalamiko mazito zaidi ya hayo. Tangu zamani wachumi wa mrengo wa Milton Friedman, ambaye aliandika juu ya leseni za taaluma mwaka 1962, wamesema kwamba bodi huendeshwa na wenye leseni, na wenye leseni wanapenda washindani wachache na bei kubwa. Hoja hiyo haiwezi kutupwa. Mwaka 2013 mke wa Mats Järlström, mkazi wa Oregon mwenye shahada ya uhandisi wa umeme ya Sweden, alipigwa faini baada ya kamera ya barabarani kumnasa akipita taa nyekundu. Mumewe alikaa akapiga hesabu za muda wa taa ya njano, akaona hautoshi kwa gari linalokata kona, akaiandikia bodi ya wahandisi ya jimbo. Katika barua alijiita mhandisi. Bodi haikumjibu hesabu yake, ilimpiga faini ya dola 500 kwa kujiita hivyo bila leseni. Alikwenda mahakama ya shirikisho, na Desemba 2018 akashinda.

Hukumu hiyo iliweka mstari wa busara. Mtu yuko huru kujiita mhandisi, kupiga hesabu na kuikosoa serikali. Asichoruhusiwa ni kuuza kazi ya uhandisi inayotakiwa kuwa na leseni wakati hana. Bodi inayotumia nguvu zake kulinda neno badala ya kulinda daraja inajiharibia yenyewe.

Huku kwetu

Tanzania nayo ina sheria yake. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1968, inaendeshwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi inasajili kwa ngazi, na hapa ndipo wengi huchanganya. Mhandisi mhitimu ni kijana aliyemaliza chuo na bado yuko chini ya uangalizi. Mhandisi mtaalamu ni yule aliyethibitishwa kufanya kazi kwa jina lake. Juu yake yupo mhandisi mshauri. Mkandarasi anasajiliwa na bodi nyingine kabisa, na msanifu majengo na nyingine tena. Mtu anayekuonyesha cheti cha ukandarasi hajakuonyesha cheti cha uhandisi.

Mkulima na mfanyabiashara mdogo hukutana na jambo hili pale anapotaka ghala la ghorofa, mashine ya kukoboa juu ya sakafu ya zege, tenki kubwa la maji juu ya mnara, au bwawa la kumwagilia. Mara nyingi anapelekwa na fundi kwa mtu ambaye "atakugongea". Neno hilo peke yake lingetosha kumfanya mteja aondoke. Ramani huwa imenakiliwa kutoka kiwanja kingine, yenye udongo mwingine na mteremko mwingine, na mgongaji hajafika eneo la kazi wala hana nia ya kufika.

Mei 9, 2018 tuta la bwawa la umwagiliaji katika shamba moja huko Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilibomoka usiku wakati wa mvua kubwa. Zaidi ya watu 40 waliokuwa wakiishi chini yake walikufa, wakiwamo watoto. Miongoni mwa maswali ya kwanza kuulizwa ni kama bwawa lilikuwa na kibali, na ni nani aliyelisanifu. Novemba 16, 2024 jengo la maduka liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi ya siku ya biashara. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na waliofukiwa walikuwa wenye maduka, wasaidizi wao na wateja. Waliopanga fremu katika jengo kama hilo hawana njia ya kujua nguzo zina nondo kiasi gani. Wanachoweza ni kuuliza jina.

Na kuuliza jina ni bure. Mteja aliyepewa mchoro wenye muhuri anaweza kuchukua jina na namba akaulizia Bodi kama mtu huyo amesajiliwa, kwa ngazi gani, na kama usajili wake uko hai. Aangalie tarehe, na aangalie kama jina la kijiji au namba ya kiwanja kwenye mchoro ni ya kwake. Kisha amwombe mwenye muhuri afike eneo la kazi, walau siku ya kuchimba msingi au siku ya kushindilia tuta, na nauli yake iingizwe kwenye mapatano tangu mwanzo. Anayekataa kufika ameshajibu.

Gharama ipo, na haisaidii kujifanya haipo. Kwa mkulima wa ekari tatu, fedha ya mhandisi inaweza kuwa sawa na mbolea ya msimu mzima. Njia ambayo wakulima wa mifereji wa Marekani waliitumia tangu zamani ni kuungana: kampuni ya mfereji au chama cha wamwagiliaji humlipa mhandisi mmoja kwa banio na mfereji mkuu, na kila mwanachama huchimba mwenyewe matawi yanayoingia shambani kwake. Hapa nchini vyama vya wamwagiliaji vinaweza kufanya hivyo hivyo, hasa kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha bodi ya maji ya bonde kwa matumizi hayo, na ombi la kikundi lenye mchoro unaoeleweka hujibiwa kwa urahisi kuliko maombi ishirini yanayopingana.

Huko Wyoming, kumbukumbu za haki za maji bado zinatunzwa katika ofisi ya Mhandisi wa Jimbo mjini Cheyenne, pamoja na ramani zilizoletwa na waombaji. Mto unapopungua na majirani wawili wakagombania lango, kumbukumbu hizo ndizo zinazotolewa. Wanaangalia tarehe, wanaangalia ekari, kisha wanaangalia jina la aliyechora.